Matanga ya Kibibi kwenye Karakana Rasmi

Wenye haraka watangulie, wenye nafasi wavute kigoda, maana jambo hili halisimuliwi kwa kusimama. Lilitokea katika nchi ya Mbwembweni. Msiitafute kwenye ramani. Iko mbali sana na hapa, na viongozi wake hawafanani hata kidogo na mnaowajua.

Mbwembweni ni nchi iliyobarikiwa. Ina barabara moja nzuri, ile itokayo nyumbani kwa Rais kwenda uwanja wa ndege, na zilizobaki zote zina mashimo ya kujengea imani. Kwa sababu ya hizo zilizobaki, magari yalikuwa yakiharibika kila uchao, na yakiharibika yanapelekwa kwa mafundi wa mitaani. Fundi wa mtaani alilala chini ya gari, akatoka mweusi kuliko tairi, na kila alipomaliza kufunga, skrubu mbili zilimbaki mkononi. "Hizi kiwanda kilizidisha tu," anasema, anazitia mfukoni. Mwenye gari anatukana, anatukanwa, wanakunywa chai pamoja, na mwezi ujao anarudi palepale.

Serikali ikaona huruma. Waziri wa Magurudumu na Vitu Vyote Vinavyozunguka, Mheshimiwa Kitwangio, akasimama bungeni na suti ya vipande vitatu.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "gari ni kiumbe! Lina macho mbele, linakunywa, linapumua, likizeeka linakohoa. Mpaka lini tutawaacha viumbe hawa mikononi mwa waganga wa kienyeji wenye spana? Nasema hapana! Na hapana hiyo naomba iandikwe kwa herufi kubwa!"

Wabunge wakapiga meza. Mmoja aliyekuwa amesinzia alishtuka akapiga ya jirani.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Afya ya Magari. Kuanzia siku hiyo gari likawa mgonjwa, fundi akawa mhalifu, na kila mwenye gari akatakiwa kulipeleka likatibiwe kwenye Karakana Rasmi ya Wakala Mkuu. Karakana hiyo, kwa bahati nzuri, ilikuwa imekwisha kujengwa kabla sheria haijaandikwa, na kwa bahati nyingine mwenyewe alikuwa shemeji yake Waziri. Mbwembweni ni nchi ya bahati. Gari lililotibiwa lilibandikwa kibandiko cha kijani kiooni. Lisilo nacho, liwe zima au gonjwa, lilikatazwa kubeba chochote cha kuliwa, cha kuvaliwa, au cha kuozwa.

Na hapo ndipo sheria ilipomkuta Bi Mashavu.

*

Bi Mashavu wa mtaa wa Mwagamaji alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, kipaimara, mahafali ya chekechea, mahali popote watu watatu wanapokusanyika wakafungua mdomo, yeye yumo na mwiko wake. Alikuwa mwanamke wa kujaza nyumba. Sebule yake ikikosa wageni saa nzima anaanza kuuliza kama kuna mtu kafanya husuda. Habari ya mtaa ikianzia mwisho wa uchochoro, ikifika kwake hukuta chai imekwishamiminwa.

Mume alikuwa naye zamani. Alikwenda mjini siku moja kununua feni, akaolea hukohuko, feni haijafika mpaka leo. Aliyebaki ni Kibibi.

Kibibi ni gari. Gari pana la nyuma ndefu, rangi ya samli, lenye sauti ya mtu mzima anayesafisha koo. Kibibi ndiye aliyebeba masufuria, kuni, mchele, mbuzi wenye miguu yao na mbuzi wasio nayo. Watoto wote watatu wa Bi Mashavu walisomeshwa na mgongo wa Kibibi. Mtaani watu walimsalimia kwa jina, na watoto walikatazwa kumpita bila kumpisha.

Sasa, Mwagamaji wana desturi yao. Kwenye shughuli, vyombo vya nyumba kumi huchanganyika jiko moja, na sufuria halina mdomo wa kusema kwao wapi. Kwa hiyo kila nyumba ina rangi yake. Bi Mashavu alipaka rangi ya kucha ya waridi chini ya kila sufuria, kwenye mpini wa kila mwiko, mpaka kwenye mtungi wa gesi. Jirani na shoga yake Sikudhani, muuza barafu na juisi, rangi yake kijani. Mwalimu mstaafu, Ticha Mbonea, alitumia bluu ya wino, maana alisema rangi ya kucha haimpendezi mtu wa heshima yake. Magari yalipoingia mtaani, watu hawakubadili tabia. Walifungua boneti, wakapaka doa kwenye betri, kwenye plagi, kwenye kila kinachofunguka. Chuma ni chuma, walisema, kikienda shughulini hakimjui mwenyewe.

Na tuseme ukweli wa Mungu: Bi Mashavu hakuichukia ile sheria. Aliipenda. Karakana Rasmi ilikuwa na ukumbi wa kusubiria wenye kiyoyozi, makochi yanayommeza mtu, kahawa kwenye vikombe vidogo kama jicho la kuku, na biskuti ambazo kila moja imevalishwa nguo yake peke yake. Na zaidi ya yote kulikuwa na watu! Watu waliokaa bila la kufanya, wamejaa habari. Kwa Bi Mashavu hiyo ni pepo yenye mlango wa kioo.

Alipompeleka Kibibi, alipokewa na binti wa mapokezi aitwaye Praxeda, sauti laini kama anakusomea wosia.

"Karibu sana, mzazi wa Kibibi. Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Hasumbuliwi na kitu, mwanangu. Katoka kubeba mchele sasa hivi. Nimemleta apate kibandiko tu."

Praxeda akamtazama kwa huruma. "Wote huja wakisema hivyo, mama."

Wakatokea vijana wawili wenye makoti meupe na glavu, wakamsukuma Kibibi taratibu hadi kwenye mlango mkubwa wa nyuma, uliopakwa rangi nyeupe jicho lisipenye. Bi Mashavu akataka kufuata.

"Ndugu wa mgonjwa mwisho hapa," Praxeda akasema. "Kahawa?"

Mkono wa Bi Mashavu ukapokea kahawa. Akakaa karibu na bwana mmoja wa tai, na kabla kikombe hakijapoa alikwishajua kwao wapi na kwa nini mkewe kanuna.

"Mara ya mwisho," bwana wa tai alimnong'oneza, "walinitoza kufungua boneti, wakanitoza na kufunga boneti. Na katikati pale kuna gharama ya mtaalamu kutafakari."

"Ukalipa?"

"Ningekataaje, mama? Walikuwa wamenipa maji baridi."

Bi Mashavu akacheka hadi kikombe kikatikisika. Lakini alipofika nyumbani na kumsimulia Sikudhani, mwenzake hakucheka.

"Fundi wa mtaani anakuibia mnatazamana usoni," Sikudhani alisema. "Kule wanakuibia wanakupuliza kiyoyozi. Afadhali huyu wetu, unaweza ukamkamata shati."

"Wivu wako huo. Siku yako wewe uliikuta biskuti imekwisha."

"Biskuti! Shoga, gari langu liliingia linaimba likatoka linashika kwikwi. Nilipouliza wakaniambia ndivyo afya inavyoanza."

"Utakuwa hukulisikiliza vizuri," akasema Bi Mashavu, na mazungumzo yakahamia kwa mke wa bwana wa tai.

*

Simu ya kwanza ilikuja kesho yake. Praxeda alisema Kibibi amelala vizuri, ila betri yake imeonekana ina huzuni, kwa hiyo amewekewa mpya kabisa, bado ina joto la kiwandani. Bi Mashavu akalipa. Simu ya pili ilisema plagi zimechoka na maisha, zimewekwa mpya. Akalipa. Simu ya tatu ikasema mgonjwa amehamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, na ndugu wanaombwa wachangie hewa ya tairi, hewa halisi ya Wakala, si hii ya nje inayovutwa na kila mtu.

"Lakini Jumamosi nina harusi, mwanangu," Bi Mashavu akasema, sauti imeanza kukonda. "Ana nini hasa?"

"Madaktari bado wanatafakari, mama."

Asubuhi ya Ijumaa simu ikaita tena. Praxeda alinyamaza kidogo kwanza, kama walivyofundishwa.

"Mama, tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu. Kibibi ametangulia mbele ya haki."

"Unasemaje wewe?"

"Injini, mama. Yaani moyo. Umesimama. Kwa mujibu wa sheria, gari likifia mikononi mwa Wakala, mwili ni wa Wakala. Lori la mazishi litakuja jioni kuupeleka ukapondwe. Ila tuna magari mapya ukumbini, mazuri sana, unalipa kidogokidogo, unachobakiza wanamalizia wajukuu. Pole sana. Ungependa kutupa alama ngapi kwa huduma hii?"

Bi Mashavu alikaa juu ya gunia la mchele. Bila Kibibi hakuna harusi ya Jumamosi, na bila ya Jumamosi hakuna inayofuata, kwa sababu mpishi aliyeshindwa kufikisha pilau haitwi tena, hutungiwa wimbo. Sufuria la watu mia tano halipandi pikipiki. Alikiona kizingiti cha nyumba yake, kilichojaa viatu vya wageni miaka yote, akakiona kitupu.

Ndipo alipoweka mikono kichwani, akapiga kilio.

Mwagamaji, kilio hakiulizwi. Watu huja kwanza, maswali hufuata. Sikudhani alifika wa kwanza, khanga amejifunga kiunoni, mkono mmoja bado una barafu.

"Nani?"

"Kibibi!"

"Mungu wangu! Amefia wapi?"

"Huko hospitali kwao. Jioni wanamponda!"

Sikudhani akafungua mdomo aseme ile "nilikwambia" ambayo kila shoga anaiweka tayari. Akautazama uso wa mwenzake, akaimeza. Akakaa naye kwenye gunia. Kisha macho yakaanza kumng'aa.

"Shoga, hebu niambie. Msiba unakaa wapi?"

"Unakaa... unakaa ulipo mwili."

"Basi futa machozi. La, usifute. Yaache. Twende kwenye mwili."

*

Kabla ya adhuhuri mtaa wa Mwagamaji ulikuwa umehamia Karakana Rasmi. Wanawake walitandika mikeka kwenye ukumbi wa mauzo, katikati ya magari mapya yanayong'aa, wakaegemea tairi zisizowahi kuona vumbi. Wanaume walipanga mabenchi uani. Mafiga yakasimamishwa chini ya bendera ya Wakala, sufuria la uji likapanda, na moshi ukaingia kwenye kiyoyozi ukatokea ofisi zote kwa usawa. Kila aliyekuwa na gari lenye kibandiko alikuja nalo, akaliegesha mbele, likishika kwikwi.

"Mama, samahani, hapa ni sehemu ya mauzo," Praxeda alisema, sauti laini imepasuka katikati.

Ticha Mbonea akavua miwani. "Binti, sheria yenu kifungu cha kwanza inasemaje? Gari ni nini?"

"Ni... kiumbe."

"Kiumbe kikifa hufanywaje?"

"Huliliwa."

"Umefaulu. Sogea, unakanyaga mkeka."

Akaitwa Daktari Mkuu wa Injini, Bwana Sospeter, mtu mnene mwenye koti jeupe na kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Alitoka kwa hasira, akaona kina mama, akaona simu zimeinuliwa zinampiga picha. Ulimi ulimjia useme, "Jamani, si gari tu!" lakini akakumbuka kwamba mshahara wake wote hutokana na kutosema hivyo. Akainamisha kichwa.

"Poleni sana, wafiwa," akasema.

"Kaa, daktari, upate uji," Sikudhani akamwambia. "Mauti hayana hasira."

Wateja waliokuja kununua magari walisimama mlangoni, wakasikia vilio, wakauliza wamefiwa na nani, wakajibiwa kwamba mgonjwa aliingia akitembea. Wengi waligeuza hapohapo. Wachache waliokuwa na wagonjwa wao ndani waliketi mkekani kungojea, na bwana wa tai alikuwa miongoni mwao, anasonya.

Lakini lori la mazishi nalo lilikwishafika. Lilikuwa limesimama nje ya lango, taya zake za chuma wazi, dereva anakula muwa. Bi Mashavu alilitazama kila alipoinua uso. Msiba ni kelele, alijiambia, na kelele haizuii lori.

*

Katika nchi ya Mbwembweni kiongozi anaweza kupitwa na njaa, mafuriko, hata aibu, lakini hapitwi na msiba. Msiba una watu, watu wana kura, na wafiwa hawaulizi maswali. Alasiri ile msafara wa Mheshimiwa Kitwangio ulikuwa ukipita, Waziri akaona mikeka, khanga na moshi.

"Simamisha!" akamwambia dereva. "Marehemu ni nani?"

Msaidizi wake akashuka mbio, akamkuta Sikudhani, akarudi mbio. "Anaitwa Kibibi, Mheshimiwa. Makamo. Alikuwa mchapakazi. Moyo."

"Watoto?"

"Amesomesha watatu."

"Inatosha kabisa. Iteni redio."

Redio ya Taifa, ambayo kazi yake ilikuwa kumfuata Waziri hata chooni, ikarusha moja kwa moja. Waziri akavua miwani ya jua, akaweka ya huzuni.

"Ndugu wafiwa," alianza, "mimi marehemu Kibibi nilimfahamu kwa muda mrefu."

Sikudhani aliuma pindo la khanga yake kwa nguvu zote.

"Kibibi alikuwa mtu wa watu. Alibeba mizigo ya wengine bila kunung'unika!"

"Kweliii!" kina mama wakaitikia, na wengine machozi ya kweli yakawatoka, maana alikuwa hajadanganya.

"Hakuchagua tajiri wala maskini!"

"Hata mbuzi alimpokea!" ikasikika sauti ya nyuma. Waziri alidhani ni methali, akatikisa kichwa kwa busara.

"Aliamka alfajiri. Hakujali barabara ilivyo. Mwanamke wa namna hii ukimwita hata usiku wa manane, anaitika! Kwa hiyo, kwa niaba ya Serikali, natamka rasmi kwamba kifo cha Kibibi tumekipokea, kimeingia katika kumbukumbu za taifa, na hakuna mamlaka yoyote, ndani au nje, itakayokibatilisha. Sasa mwili uko wapi tuuage?"

Bwana Sospeter aliyekuwa anakunywa uji akapaliwa.

"Mheshimiwa," akasema, "mwili... ndugu hawaruhusiwi kupita ule mlango."

"Nani hawaruhusu wafiwa kuaga?" Waziri akanguruma, akiikumbuka redio. "Ndiyo Serikali gani hiyo isiyo na utu? Fungua!"

Mlango mweupe ukafunguliwa.

Huko nyuma kulikuwa safi kama sahani ya wageni. Magari yamefunikwa mashuka meupe kwa safu, na madaktari wa makoti wamekaa kwenye ndoo wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Bwana Sospeter akamwonyesha Waziri shuka la mwisho. Waziri akalivua kwa heshima, akakutana uso kwa uso na gari la rangi ya samli.

"Yuko humu ndani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiye huyo, Mheshimiwa."

Waziri akafumba macho. Redio bado ilikuwa inarusha.

Bi Mashavu hakuwa na habari na Waziri. Alikwenda mbele ya Kibibi, akaweka kiganja kwenye boneti, baridi, akainua polepole kama mtu anayefunua uso wa maiti. Akaangalia. Akainama. Akaangalia tena.

"Ticha," akaita, bila kugeuka. "Hebu njoo. Hii betri si ina bluu yako?"

Ticha Mbonea akaja, akavaa miwani. "Hii ni yangu! Niliambiwa imekufa, wakaniuzia mpya!"

"Na plagi hizi, Sikudhani, kijani cha nani?"

"Mama yangu mzazi!" Sikudhani akapiga yowe lisilokuwa la msiba. "Kwikwi yangu hiyo!"

Watu walimiminika nje, boneti zikafunguka uani moja baada ya nyingine. Waridi la Bi Mashavu lilikuwa kwenye gari la Ticha, lililorudishwa kutibiwa wiki hiyohiyo, limeuzwa jipya. Bluu ya Ticha ilipita kwa bwana wa tai kabla ya kulala kwa Kibibi, yeye alikumbuka lile doa, alidhani ni nembo ya kiwanda. Kuna pampu moja ilikuwa na rangi nne, kila mmiliki aliongeza yake bila kuuliza ya kwanza ilitoka wapi. Kwa ufupi, betri moja ya Mwagamaji ilikuwa imeuzwa mpya mara nyingi kuliko ahadi ya maji ya bomba.

"Huo," Bwana Sospeter alisema, anarudi nyumanyuma, "huo ni upandikizaji wa viungo. Ni teknolojia ya juu sana. Wenzetu wa nje wanaililia."

Hakuna aliyempiga. Bi Mashavu alisimama juu ya ndoo ya drafti, akapiga makofi mawili, akatoa ile sauti ambayo Mwagamaji huisikia kila shughuli ikimalizika:

"Haya, jamani! Kila mtu na chombo chake!"

Na watu, kwa mazoea ya miaka, wakafanya hivyo. Rangi ilirudi kwa rangi, mikono kwa mikono, kama vijiko baada ya harusi. Kati ya waombolezaji alikuwemo fundi mmoja wa mtaani, kanzu safi, uso wa huzuni, na spana kwenye soksi. Aliingia chini ya Kibibi akiwa mweupe, akatoka wa kawaida. Skrubu mbili zilimbaki mkononi. Aliziangalia, akamwangalia Bwana Sospeter. "Hizi Wakala alizidisha," akasema.

Bi Mashavu akaketi nyuma ya usukani. Akawasha.

Kibibi akasafisha koo. Akanyamaza. Akasafisha tena, kisha akaunguruma, na vigelegele vikapasua paa la Karakana Rasmi.

*

"Mheshimiwa," msaidizi alinong'ona, "marehemu amefufuka."

"Nimeshatangaza."

"Anaunguruma, Mheshimiwa. Na redio inasikia."

Waziri alifikiri, jambo lililomletea jasho. Akisema Kibibi mzima, basi Serikali imedanganya, Wakala kadanganya, na shemeji hatalipa kodi ya nyumba ya pili. Akakishika kipaza sauti.

"Wananchi," alisema, "Serikali haiwezi kutangaza kifo, halafu kifo kikajiendea zake. Kisheria Kibibi amekufa. Kinachosikika hapo ni kumbukumbu yake."

Bwana Sospeter akapata nguvu. "Kama amekufa, basi mwili ni wetu! Dereva, leta lori!"

Bi Mashavu alikaza mikono kwenye usukani. "Nipondeni naye," akasema, na hakupaza sauti. Watu wakageuka wote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia Bi Mashavu akisema jambo taratibu.

Ticha Mbonea alijongea kwenye kipaza sauti cha Waziri, akakizungumzia kwa upole kama anayesahihisha daftari. "Mheshimiwa, ni kweli sheria inasema mwili ukapondwe. Tunachoomba tu, upondwe sasa hivi, wewe ukiwa umesimama hapa, huku mwili unaunguruma na mfiwa yumo ndani, na taifa linasikiliza."

Waziri alilitazama lori, akaitazama redio, akamtazama mwanamke wa kwenye usukani. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alifanya uamuzi bila kikao.

"Mila zetu ziheshimiwe," akasema. "Marehemu apewe ndugu zake, wakamzike kwao."

Wakafunguliwa lango. Bi Mashavu alimtoa Kibibi polepole, mikeka na masufuria nyuma, wanawake wanaimba, na Praxeda, hakuna ajuaye kwa nini, anapunga mkono.

Hawakumzika. Jumamosi pilau ilifika harusini ikiwa moto, na bibi harusi akaingia ukumbini baada yake, kama inavyotakiwa.

Ilikuwa wiki iliyofuata ndipo watu walipoanza kuelewa kilichotokea. Sheria ya Afya ya Magari ilizungumzia gari zima, ikazungumzia gari gonjwa. Kuhusu gari lililokwisha kufa na kukabidhiwa ndugu, ilinyamaza kimya. Marehemu hapelekwi kutibiwa. Marehemu hadaiwi kibandiko. Kibibi alikuwa amekufa kwa tamko la Waziri, hewani, mbele ya taifa, na hakuna mamlaka ya ndani au ya nje iliyoweza kumfufua.

Habari kama hiyo haihitaji gazeti, inamhitaji Sikudhani na alasiri moja. Siku chache baadaye foleni ya magari ilizunguka Karakana Rasmi mara mbili, na kila mwenye gari aliomba jambo lilelile: gari lake litamkwe limekufa, ndugu wapewe mwili. Wakala alisita, kisha akaweka bei. Watu wakalipa wakicheka, bila kuomba hata kahawa. Ilikuwa huduma ya kwanza ya karakana ile ambayo wananchi walikubaliana kwamba inalingana na pesa yao.

Bi Mashavu alisimamishwa mara moja tu. Trafiki mgeni, aliyehamishiwa mjini karibuni, alimwinulia mkono, akazunguka mbele, akatafuta kibandiko cha kijani, asikione. Daftari la faini lilikuwa limekwisha kufunguka alipoiona rangi ya samli. Akasimama wima.

"Mama," akasema, "huyu si ndiye marehemu Kibibi?"

Bi Mashavu akashusha khanga usoni, akakunja midomo. "Ndiye, mwanangu. Ndiyo tunampeleka."

Trafiki akavua kofia. Akazuia magari ya pande zote mbili, pamoja na la Waziri, akapiga saluti huku harufu ya pilau ikimpita puani.

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa," Bi Mashavu akajibu, akakanyaga mafuta.